Mabingobingo: Neema ya ng'ombe, shaka ya mto Kibera na Kawangware

ALFAJIRI, kabla ya matatu kujaa kwenye Barabara ya Naivasha, mikokoteni iliyopakia nyasi mbichi huanza kusukumwa kuelekea mazizi ya Kawangware. Nyasi hizo ni ndefu kuliko anayezisukuma, na zimefungwa kwa kamba matita kwa matita. Kwa mpita njia ni majani tu. Kwa mfugaji asiye na shamba, ni maziwa ya siku hiyo.

Nyasi zenyewe ni mabingobingo, ambayo wakulima wengi wa Kenya huyaita nepia. Hupandwa popote palipobaki nafasi: kando ya barabara, chini ya nyaya za umeme, na zaidi ya yote kwenye mabonde ya vijito vinavyopita Kawangware na Kibera. Huko ardhi haikauki hata wakati wa kiangazi, na majani hukatwa mwaka mzima.

Hata hivyo, kuna swali ambalo ni wachache wanaoliuliza wanapokadiria bei ya tita: mabingobingo hayo yamekunywa maji gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama nyasi hizo ni neema kwa familia inayokunywa maziwa, au ni njia ya kurudisha mezani uchafu uliotupwa mtoni.

Nyasi yenye nguvu

Mabingobingo ni nyasi ya asili ya Afrika. Jina la nepia lilitokana na Kanali Napier wa Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliyeihimiza idara ya kilimo ya huko kuijaribu nyasi hiyo kama lishe ya mifugo mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu hapo imesambaa katika nchi nyingi za joto duniani. Nchini Kenya ndiyo lishe kuu ya wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa.

Sababu ya kupendwa kwake si ngumu kuelewa. Mmea mmoja hutoa machipukizi mengi, hufikia urefu wa mita tatu hadi nne ukiachwa, na huchipuka tena kila unapokatwa. Mizizi yake hushuka chini sana na kushika udongo kwa nguvu. Ukishapandwa, unaweza kuvunwa kwa miaka kadhaa bila kupandwa upya, mradi urudishiwe rutuba.

Nguvu hiyo inahitajika, kwa maana ng'ombe ni mlaji mkubwa. Ng'ombe mmoja wa maziwa huhitaji takribani kilo 70 za mabingobingo mabichi kwa siku. Kwa mwaka, hizo ni zaidi ya tani 25. Ekari moja iliyotunzwa vyema inaweza kulisha ng'ombe mmoja hadi wawili. Katika mtaa ambako familia nzima huishi katika chumba kimoja, hakuna mwenye ekari. Ndiyo maana bonde la mto limekuwa shamba la wasio na shamba.

Mito miwili, mitaa miwili

Kawangware iko upande wa magharibi wa jiji, katika eneo la Dagoretti. Maji yake huingia katika mfumo wa Mto Nairobi, ambao chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Kutoka Ondiri mto huteremka kupitia Dagoretti, ukipokea vijito na mitaro ya makazi yaliyosongamana, kabla ya kufika katikati ya jiji.

Kibera, kwa upande wake, hupitiwa na mto Motoine, ambao hushuka kutoka upande wa Dagoretti na msitu wa Ngong na kuingia katika Bwawa la Nairobi. Ukitoka bwawani huitwa Mto Ngong, nao huelekea eneo la viwanda.

Jina la Kibera lenyewe linakumbusha jinsi bonde hilo lilivyokuwa. Linatokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu. Askari Wanubi wa jeshi la kikoloni walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Walilima na kufuga. Ni mwaka 2017 tu ambapo jamii hiyo ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288, sehemu ndogo ya ardhi ya awali.

Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953, na kwa miaka mingi wakazi wa jiji walikwenda hapo kwa michezo ya mashua. Baadaye tope, taka na magugu maji vililijaza, na sehemu kubwa ikageuka kuwa uwanda wa majani. Sehemu za bwawa hilo, ng'ambo ya kijiji cha Silanga, zililimwa kama shamba. Palipokuwa na maji pakawa na mazao.

Unyevu ndiyo, kutuama hapana

Kosa la kwanza linalofanywa na wapandaji wengi ni kudhani kwamba nyasi inayopenda unyevu hupenda pia kusimama ndani ya maji. Sivyo. Mabingobingo hustawi katika udongo wenye kina, rutuba na unyevu, lakini mizizi yake huoza maji yanapotuama kwa muda mrefu. Majani yanayogeuka manjano katikati ya msimu wa mvua mara nyingi si dalili ya ukosefu wa mbolea, bali ni mizizi inayokosa hewa.

Katika ardhi ya bondeni, njia iliyo salama ni kuinua matuta na kuchimba mifereji midogo ya kuondoa maji. Vipande vya shina vyenye vifundo vitatu huchomekwa kwa mshazari juu ya tuta, vifundo viwili vikiwa chini ya udongo na kimoja juu. Umbali wa mita moja kati ya mstari na mstari, na mita moja kati ya shina na shina, hutosha.

Sehemu ya juu ya bonde, ambako maji hayafiki, njia iitwayo tumbukiza hutoa mavuno makubwa katika nafasi ndogo. Mkulima huchimba shimo lenye kina cha sentimita 60 na upana wa sentimita 60 hadi 90, huchanganya udongo wa juu na samadi, kisha hutumbukiza vipande vitano hadi kumi vya mabingobingo na kufukia, akiacha nafasi kidogo juu ya shimo ili ikusanye maji ya mvua. Njia hii inafaa zaidi kwa mitaa kama Kawangware kwa sababu hutumia samadi iliyo tele zizini badala ya kuiacha iteremke mtoni.

Mavuno ya kwanza huwa baada ya miezi mitatu hadi minne, majani yanapofikia urefu wa mita moja hivi. Baada ya hapo hukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane, na kisiki cha sentimita 5 hadi 10 huachwa ili kichipuke. Anayesubiri majani yarefuke ili apate mzigo mkubwa hupata hasara asiyoiona: shina hukomaa na kuwa gumu, protini hupungua, na ng'ombe hushiba bila kuongeza maziwa. Hata yakiwa machanga, mabingobingo hayatoshi peke yake. Ni vyema yachanganywe na majani ya jamii ya kunde kama desmodiamu au lusani.

Mahali ambapo maji hutuama kweli, si busara kulazimisha mabingobingo. Seteria ya Nandi, nyasi iliyotokana na nyanda za juu za Kenya na kuendelezwa Kitale, huvumilia mafuriko ya muda vizuri zaidi. Nayo ina tahadhari yake, kwani ina oksalati, kemikali inayoweza kudhuru mifugo, hasa farasi na punda, wakilishwa nyasi hiyo pekee.

Kile kinacholetwa na mto

Wakulima wanaotumia maji taka hawafanyi hivyo kwa ujinga. Watafiti waliochunguza kilimo cha aina hiyo Kibera na Maili Saba, huko Dandora, miaka ya 2000 walikuta kwamba wakulima waliyathamini maji hayo kwa sababu mbili: hayakauki, na yana rutuba isiyonunuliwa dukani. Hoja hizo mbili ni za kweli. Tatizo ni kwamba rutuba haiji peke yake.

Hatari ya kwanza inatokana na rutuba yenyewe. Maji taka yana naitrojeni nyingi, na mabingobingo yanayokua upesi huweza kulimbikiza nitrati katika mashina. Ndani ya tumbo la ng'ombe, nitrati hugeuka kuwa sumu inayoingia katika damu na kuizuia kubeba hewa ya oksijeni. Damu hugeuka rangi ya kahawia, mnyama huhema kwa shida, na anaweza kufa katika muda wa saa chache. Kuanika majani juani hakuondoi nitrati. Kinachosaidia ni kutolisha majani machanga sana yaliyotoka tu kuchipuka baada ya kiangazi, kukata juu kidogo kwa kuwa sehemu ya chini ya shina ndiyo yenye nitrati nyingi, na kuchanganya na lishe nyingine.

Hatari ya pili ni minyoo tegu. Penye uhaba wa vyoo, kinyesi cha binadamu huishia mtoni, na mayai ya tegu hushikamana na majani wakati wa mafuriko. Ng'ombe akiyala, viluwiluwi hujificha katika misuli yake. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva vizuri, mnyoo hukua tumboni mwake, na mzunguko huanza upya. Hii ni sababu mojawapo ya wakaguzi wa nyama katika machinjio, yakiwemo ya Dagoretti, kupasua misuli ya mnyama kabla ya kuidhinisha nyama.

Hatari ya tatu ni mnyoo bapa wa ini, ambaye huhitaji konokono wa maji ili akamilishe maisha yake. Vimelea vyake hujigandisha kwenye majani yaliyo karibu na maji. Kwa hatari hizi mbili za minyoo, hatua rahisi husaidia sana: kutokata majani yaliyozama au yaliyopakwa tope la mafuriko, kuyaacha yanyauke juani kabla ya kulisha, na kumpa ng'ombe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Hatari ya nne ndiyo isiyoonekana kabisa, nayo ni madini mazito kama risasi na kadimiamu. Hapa ni muhimu kutofautisha mahali na mahali. Eneo kubwa la viwanda la Nairobi liko chini ya Kibera kwa mkondo wa mto, si juu yake. Kwa hiyo anayelima Kibera au Kawangware hapokei taka za viwanda hivyo. Lakini gereji za jua kali, betri zilizotupwa, rangi, mafuta ya magari na majivu ya taka zilizochomwa hutosha kuleta madini hayo katika tope la vijito.

Mabingobingo ni hodari wa kuyanyonya. Uhodari huo ni mkubwa kiasi kwamba wanasayansi katika nchi mbalimbali wameyafanyia majaribio kama mmea wa kusafisha udongo uliochafuliwa. Nyasi inayosafisha udongo huubeba uchafu ndani yake. Ikiliwa, sehemu ya madini hubaki katika maini na figo za mnyama, na kiasi fulani huweza kuingia katika maziwa. Kuchemsha maziwa huua vijidudu. Hakuondoi risasi. Na mtoto mdogo, ambaye ubongo wake bado unakua, ndiye anayeathirika zaidi.

Hilo haliwezi kupimwa kwa macho wala kwa pua. Hata hivyo, msaada hauko mbali. Maabara ya udongo ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo nchini, KALRO, iko Kabete, na makao ya taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yako huko huko, safari fupi kutoka Kawangware. Gharama ya kupima udongo ikigawanywa na kikundi cha wakulima kumi wa bonde moja huwa nyepesi kuliko ikibebwa na mmoja.

Mgeni asiyeondoka

Nguvu za nyasi hii zina upande mwingine. Katika visiwa vya Galápagos na Hawaii na katika jimbo la Florida nchini Marekani, mabingobingo yaliyopelekwa kutoka Afrika yametoroka mashambani na kuhesabiwa kuwa mmea vamizi. Nyasi nyingine yenye jina la majirani wa Kawangware, nyasi ya Kikuyu, imo katika orodha ya serikali kuu ya Marekani ya magugu hatari, ilhali nyumbani kwake ni malisho mazuri na zulia la bustani.

Kwa Kibera na Kawangware, uvamizi huo si nadharia. Kipande cha shina kinachoangukia mtaroni kinaweza kuota. Mabingobingo yakiota ndani ya mfereji hunasa mifuko ya plastiki na tope, na mvua kubwa inaponyesha maji hukosa njia na kuingia nyumbani mwa watu. Mmea ule ule unaoshikilia ukingo wa mto usiporomoke ndio unaoziba mtaro. Tofauti ni mita chache za mahali ulipopandwa. Anayekata majani hana budi kukusanya masalia yote, na kung'oa visiki vyote vinavyoota ndani ya njia ya maji.

Tahadhari nyingine inahusu mbegu. Ugonjwa wa fugwe, ambao hufunika suke kwa unga mweusi kama masizi na kudhoofisha mmea hadi ufe, umeathiri mabingobingo ya Kenya ya Kati. Magharibi mwa Kenya kuna ugonjwa wa udumavu, unaoenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa majani. Magonjwa yote mawili husafiri pia ndani ya vipande vya shina vinavyopelekwa kupandwa mahali pengine. Aina za Kakamega 1 na Kakamega 2, zilizotolewa na watafiti wa serikali, huvumilia fugwe. Kuomba vipande kwa jirani bila kukagua shamba lake ni kukaribisha ugonjwa nyumbani.

Sheria na ardhi isiyo na hati

Kwa miaka mingi kilimo cha mjini Nairobi kilionwa kuwa kosa. Hali ilibadilika mwaka 2015, pale kaunti ilipopitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Lakini sheria hiyo haimpi mtu ardhi ya kando ya mto. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka kilimo na shughuli za uendelezaji vikae umbali wa kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingoni, na zilikataza umwagiliaji kwa maji taka yasiyofikia viwango vilivyowekwa.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliwaamuru waliokuwa ndani ya mita 30 za mito kuondoka, na nyumba nyingi zikabomolewa katika mitaa kama Mathare na Mukuru. Mwaka 2025 ukazinduliwa mradi wa kufufua Mto Nairobi. Wapandaji wa nyasi, ambao wengi hawana karatasi yoyote, wanajua kwamba siku tingatinga litakapofika hakuna atakayewauliza walivuna mara ngapi.

Na hapa ndipo penye jambo linalostahili kufikiriwa na wapangaji wa jiji. Ukingo wa mto unahitaji mmea wa kudumu wenye mizizi mirefu. Wafugaji wanahitaji majani. Mabingobingo yanaweza kutimiza haja zote mbili, ikiwa ukanda wa karibu kabisa na maji utaachwa kuwa kichujio kisicholishwa mifugo, na majani ya lishe yakapandwa juu zaidi, kwa samadi na maji ya mvua. Mpango wa namna hiyo hauhitaji mtambo. Unahitaji makubaliano, na uhakika kwamba aliyepanda leo ataruhusiwa kuvuna kesho.

Hadi hapo, kinga ya kwanza iko mikononi mwa mnunuzi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kabla ya kulipia tita la nyasi, mfugaji wa Kawangware au Kibera na amuulize muuzaji limekatwa wapi, juu ya bonde au ndani ya kijito, kabla au baada ya mafuriko. Muuzaji akijua kwamba swali hilo litaulizwa kila asubuhi na kila mteja, atachagua mahali pa kukata. Na mama anayenunua maziwa dukani, bila kumwona ng'ombe wala mto, atakuwa ameulizwa kwa niaba yake.